Bei ya mnada si bei ya mkulima

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Newala. Mama yako mzima, bibi yako kaanza tena kulalamikia goti, na mikorosho ya kwa mjomba wako imechanua vizuri. Ya nyumbani yaishie hapo, maana nina neno na wewe kuhusu kazi yako.

Nimeisoma habari yako ya mnada wa korosho. Kichwa kilisema wakulima wa Kusini wanavuna mabilioni. Najua kichwa huwekwa na mhariri, wewe sikulaumu. Ila chini yake uliandika bei ya juu, bei ya chini na tani zilizouzwa, ukaweka nukta. Mimi karani wa mizani nikabaki najiuliza: mabilioni hayo kaingiziwa nani?

Sikiliza, mama. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku msimu wa 2007/08, korosho ya mkulima hupimwa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima kama huu wetu, ikaenda ghala kuu, ikapigwa mnada, ndipo fedha zirudi. Siku hizi mnada wenyewe unafanyika kwa mtandao kupitia TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na mkulima anaweza kuuona ukiendelea. Ni jambo jema, silibezi. Lakini kati ya bei inayotangazwa pale na kinachoingia kwenye akaunti yake kuna ushuru wa halmashauri, kuna cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala, cha usafiri. Kila kato lina sababu yake, na mengine yana faida. Kazi yako ni kuyaandika moja moja, kwa shilingi kwa kilo, ili anayesoma Tandahimba alinganishe na karatasi yake ya malipo. Hakuna habari ya uchumi itakayosomwa huku kuliko hiyo.

Halafu kuna asiyefika mnadani kabisa. Huyu humwoni kwenye takwimu. Mwezi wa nne au wa tano chakula kimekwisha, mtoto anadaiwa michango ya shule, mgonjwa yuko hospitali. Anakuja mtu wa kangomba, anampa fedha leo kwa korosho ambazo hata maua hazijatoa. Oktoba ikifika, gunia linapimwa kwa jina la mwenye fedha, na bei nzuri ya mnada inamnufaisha yeye. Kwa hiyo bei ikipanda, pengo kati ya hawa wawili linapanuka. Nimeyapima magunia hayo kwa mikono yangu, na karibu kila mtu kijijini anajua ni ya nani. Serikali imekuwa ikiipiga vita kangomba miaka mingi, na ni haki. Lakini ukiandika kwamba wamekamatwa wanunuzi kadhaa bila kuuliza kwa nini mkulima alihitaji fedha mwezi wa tano, umeandika habari ya polisi.

Chukua mwaka 2018. Msimu wa nyuma yake bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakaezeka nyumba, wakanunua bodaboda. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakazikataa. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa 3,300, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Magazeti yote yakaandika 3,300. Ni kweli. Ila kulikuwa na uhakiki wa mashamba, kuna waliolipwa mapema na kuna waliosubiri miezi. Mtu anayesubiri ana deni la dukani na shamba linalotaka palizi, kwa hiyo 3,300 yake si sawa na 3,300 ya aliyelipwa Desemba. Tarehe ya malipo ni sehemu ya bei. Hilo sikuliona likiandikwa inavyostahili.

Na wasio na mikorosho je? Wanaookota kwa kibarua, akina mama wanaobangua huku mafuta ya ganda yakiwachoma vidole? Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, ina maana ajira ya kubangua nayo inapanda meli. Habari ya mnada haiwataji.

Sasa wastani. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania kwenye nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 kwa kila mtu na mpaka ulikuwa dola 1,036, tukavuka kwa dola 44. Mimi nilifurahi, sikufichi. Lakini weka wakulima kumi kwenye benchi la ofisi yetu: mmoja kapata milioni 10, tisa kila mmoja laki mbili. Wastani ni 1,180,000, na hakuna hata mmoja wao aliyeishika fedha hiyo. Wapange kuanzia wa chini hadi wa juu, muulize wa katikati kapata ngapi. Atakwambia laki mbili. Mwandike huyo.

Takwimu zenyewe zitafute kwa wenye nazo, na uzihifadhi. Unakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyowatia watu hofu ya kutaja namba zinazopingana na za serikali? Mwaka uliofuata yakalegezwa, lakini mazoea ya kunyamaza hayafutwi na bunge. Na bahasha ya nauli kwenye mikutano ya wanunuzi, rudisha. Kama nauli huna, niambie mimi.

Msimu ukianza njoo. Mnada usikuchukue siku nzima, matokeo utayaona hata huko Dar. Kaa hadi malipo yaanze kuingia, uje ofisini kwetu asubuhi ambayo watu wanafuata karatasi zao, na uniulize kwa nini fulani kalipwa na jirani yake bado. Mengine nitakujibu, mengine utamuuliza mwenyekiti, na mimi nitatoka nje ili umuulize vizuri.

Mama yako anasema ukija ulete dawa ya goti ya bibi, ile ya kuchua.

Baba yako