Kwa Mama Neema, kuhusu wageni wa Jumapili

Maseno,
Jumatatu baada ya Jumapili ya Utatu

Mpendwa dada Mama Neema,

Bwana asifiwe. Sisi huku hatujambo. Mvua hainipi nafasi ya kuanika hata sare za watoto, ila mahindi yamekubali na hatuna neno. Nilicheka peke yangu uliponiambia kwamba vika wenu, yaani kasisi wa parokia yenu ya Kianglikana huko Nakuru, amekukabidhi kamati ya kukaribisha wageni. Wewe, ambaye shuleni hukuweza kunyamaza hata wakati wa sala! Wamepata mtu. Ulitaka ushauri, lakini simu ilikuwa inamaliza salio, basi nimeona niandike kwa utulivu.

Nianze na jambo litakalokugombanisha na wazee wa kanisa: acheni kuwasimamisha wageni. Unaijua desturi yetu. Matangazo yakikaribia mwisho, mzee anashika kipaza sauti, "Walio nasi kwa mara ya kwanza, tunaomba wasimame," na kanisa zima linageuza shingo. Mgeni ataje jina, aseme ametoka wapi na ametuletea salamu za kanisa gani, kisha apigiwe makofi na kuimbiwa. Kwa shangazi aliyekuja harusini, au mtu aliyetumwa na parokia nyingine, hiyo ni heshima yake, na ukimnyima atakwenda kulalamika. Lakini kuna yule ambaye hajakanyaga kanisani tangu amzike mamake, ameingia kimya kimya kutazama kama bado anaweza. Huyo unamsimamisha ili iwe nini?

Kuna nesi aliyehamishiwa kituo cha afya cha hapa karibu. Alisimama, akataja jina, na mzee akamuuliza kwenye kipaza sauti, "Na bwana yuko wapi?" Watu wakacheka, tena kwa wema tu, hakuna aliyekusudia ubaya. Jumapili iliyofuata alifika matangazo yakiwa yameisha na akatoka kabla ya baraka, na akaendelea hivyo kwa muda mrefu. Haya alinieleza mwenyewe tukichambua mboga kwenye matanga fulani, wala hakuwa na uchungu tena. Leo ndiye anayeshika daftari la fedha la Muungano wa Akina Mama. Siku hizi mzee anasema, "Wageni wetu karibuni, chai iko chini ya mwembe," basi. Mwenye salamu za kufikisha anamwambia mtu wa mlangoni kabla ya ibada, na jina lake linasomwa.

Sasa kuhusu ibada yenyewe. Wengine watakwambia tuipunguze, tulete kinanda kikubwa na ngoma, tuwe kama makanisa ya mahema, ndipo vijana wabaki. Mimi sikubali. Anayetaka hema anajua lilipo, na wengi wanaotujia wametoka huko wakitafuta kitu kilichotulia. Ila lazima tukiri kwamba ibada yetu ni ngumu kwa asiyeizoea. Kuna kusimama, kuketi na kupiga magoti. Kasisi anasema nusu, watu wanamalizia nusu. Zaburi inapokezanwa mstari kwa mstari. Wenyeji wameikariri tangu utotoni, vitabu wamevishika tu mkononi. Ukurasa ukitangazwa, mgeni akija kuupata wenzake wako kwenye Imani ya Mitume.

Tulichofanya ni kuchagua watu wachache watulivu, wasiopenda sana kuongea (samahani, wewe hungechaguliwa), waketi viti vya nyuma. Wakiona mtu anapekuapekua kitabu, mmoja anasogea karibu, anakifungua cha kwake, anaweka kidole pale tulipofika, anampa. Hakuna kumuuliza jina wala simu katikati ya ibada. Wakati wa kupiga magoti anamnong'oneza mapema kidogo, asibaki amesimama peke yake.

Na ile baraka ya mwisho, mwonyeni mapema! Unajua ilivyo kwenye utaratibu wa Ushirika uliotungwa hapa Kenya mwaka 1989, nayo baraka yenyewe imechukua mtindo wa maombi ya jadi ya Waturkana. Kasisi anataja matatizo yetu yote, na watu wote kwa mara moja wanarusha mkono kuelekea msalabani. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mtu wa Meru, aliinamisha kichwa haraka akidhani anapigwa. Pembeni yake alikuwa kasichana ka darasa la tatu. Kalimshika kifundo cha mkono bila hata kumtazama usoni, na kasisi alipotaja magumu yetu yote kakaurusha mkono wa jamaa pamoja na wake kenyewe. Kwenye kazi za ibilisi jamaa alirusha mwenyewe, kwa nguvu kuliko wazee. Tulipofika kwenye matumaini yetu, yale tunayoyaweka kwa Kristo aliyefufuka, mikono yake miwili ilikuwa juu. Huyo bado tunaye, anaimba besi.

Kuhusu wakubwa, hilo nadhani Nakuru mnalijua kuliko sisi. Kiti cha mbele na kipaza sauti kwa mheshimiwa, na yule mama wa mitumba akijibana mlangoni kana kwamba Yakobo hakuandika ile sura ya pili. Huku magharibi tulipata msaada Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere. Viongozi wakubwa wa siasa walikuwapo, na Askofu Mkuu Ole Sapit akatangaza hawatapewa nafasi ya kuhutubia. Waketi waabudu kama waumini wengine. Wazee wako wakileta mjadala, wakumbushe siku hiyo. Ukaribisho unaompita mtu mdogo kwenda kwa mkubwa ni siasa tu.

Lingine ni swali la "Umeokoka? Mwaka gani?" Mimi ni mtoto wa uamsho wa Afrika Mashariki, mamangu aliimba wimbo wake wa Tukutendereza mpaka siku ya kufa, kwa hiyo sisemi kwa dharau. Lakini mgeni asiulizwe hilo akiwa bado ameshika mwavuli wake. Nyanza tulishalipia: mwishoni mwa miaka ya 1950, ugomvi kuhusu nani ameokoka kweli na nani bado ulichangia kundi kubwa la Waanglikana kutoka na Matthew Ajuoga, wakaanzisha kanisa lao, wale tunaowaita Johera. Mpaka leo kuna boma huku ambamo ndugu wa tumbo moja huachana njia panda Jumapili asubuhi.

Lugha nayo. Sisi tumekaa mpakani, Waluo upande huu, Wanyore upande ule, na hata dayosisi ya zamani ya Maseno ilipogawanywa mwaka 1970, Kaskazini ilichukua zaidi Waluhya na Kusini Waluo. Ibada yetu kubwa ni ya Kiluo na sitaki iguswe, bibi zetu wataomba kwa lugha gani? Wageni tunawaelekeza ile ya asubuhi ya Kiswahili. Lakini hata huko mhubiri akinogewa anahamia kwa lugha ya mama, hasa akifika kwenye kichekesho, na mke wa askari wetu kutoka Kwale anabaki akitabasamu kwa adabu. Mtu aliyeketi naye amtafsirie, hata kama ni kichekesho kibovu. Kwenu na yale makabila yote, nakuhakikishia matangazo ya harambee yanateleza kuingia Kikuyu bila mtu kugundua. Sikiliza Jumapili ijayo.

Meza ya Bwana ndiyo inayoniuma zaidi. Kuna parokia, sitaitaja, ambapo mama mgeni alipiga magoti na wenzake, na mtu akamnong'oneza kasisi kwamba huyo hajafunga ndoa kanisani. Akarukwa. Mahari ya mama huyo ililipwa zamani, watoto wake wako sekondari. Mimi sipingi utaratibu wa kanisa, kipaimara na ndoa vina mahali pake, na vika wetu ameshawafungisha ndoa wazee wengi wenye wajukuu, siku moja, keki moja. Ninachosema ni kwamba utaratibu utangazwe kabla watu hawajainuka. Vika wetu hueleza kwa sentensi mbili nani anashiriki, kisha anasema asiyeshiriki naye aje, afunge mikono kifuani, abarikiwe. Sasa wanakuja wote, na wa pembeni hajui nani ni nani. Mwombe wenu afanye hivyo, ukiweza kabla ya jambo lingine lolote.

Ibada ikiisha, msikimbilie kuhesabu sadaka wote. Sisi huwa na mnada nje wa vitu vilivyotolewa, kuku, ndizi, mayai, na hapo mgeni huchangamka mwenyewe. Ila bahasha ya ujenzi isimfikie mtu siku ya kwanza. Katikati ya wiki mtu ampigie kumsalimia tu, asitaje zaka.

Kisha awekwe kwenye kikundi cha nyumbani mapema, kwa sababu huku kwetu mtu hujua ni wa kanisa siku ya msiba. Mwalimu mmoja Mtaita alifiwa na babake kabla hajamaliza muhula hapa. Kikundi kilichanga nauli, na akina mama wawili wa Muungano wakapanda basi la usiku naye mpaka Voi, wakaimba kaburini kwa Kiluo katikati ya Wataita. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hilo.

Umeniuliza pia kuhusu zile beji na riboni za kamati. Kama fedha zimeshatengwa, mimi ningenunua vitabu vya sala, vile vya maandishi makubwa ikiwezekana, muweke viti vya nyuma ambako wageni huketi. Vyetu vilivyoko nyuma vimechanika kurasa za mwanzo, na hatujapata vingine. Ukijua duka hapo Nakuru lenye bei nzuri, niulizie bei ya dazeni.

Baba Achieng' anakusalimu, mguu wake unaendelea vizuri. Nisalimie Neema na mdogo wake, na yule mama mkwe wako pia, kwa uangalifu. Viazi vya Molo vikishuka bei nijulishe, kuna mtu wa lori hapa anayepita huko kila wiki.

Wako katika Kristo,
Mama Achieng'