Barua kwa Mwanangu Anayejiandaa kwa Marathoni

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba umejiandikisha kukimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, ili uchangishe fedha za utafiti wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa ajili ya mdogo wako na wagonjwa wenzake. Nimefurahi, wala sitakuzuia, ila yapo mambo ambayo ningependa uyazingatie kabla hujaanza kuwaomba watu.

Katika rasimu uliyonitumia umeandika kwamba michango yao "itaumaliza ugonjwa huu". Sentensi hiyo iondoe. Daktari James Herrick alieleza habari za chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu mwaka 1910, na hadi 1949 ndipo mwanakemia Linus Pauling na wenzake walipoonyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hizo. Hidroksiurea, dawa anayoimeza mdogo wako kila siku, iliidhinishwa Marekani kutibu selimundu mwaka 1998, ilhali kemikali hiyo ilikuwa imetengenezwa tangu 1869. Tiba ya kuhariri vinasaba nayo iliidhinishwa mwishoni mwa 2023, lakini gharama yake ni kubwa mno na wagonjwa wengi duniani hawawezi kuifikia. Waeleze wachangiaji hivyo hivyo: kwamba utafiti huchukua miaka, na kwamba fedha zao zitalipia vipimo, vifaa vya maabara na mishahara ya watu wanaofanya kazi ambayo huenda isizae matunda haraka. Naamini watakaotoa baada ya kuelezwa hayo ndio watakaokubali kuombwa tena.

Usiufunge mchango wa mtu kwenye mstari wa kumalizia. Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alianza Aprili 1980 kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku, akitarajia dola moja kwa kila Mkanada. Septemba alilazimika kusimama baada ya kilomita zaidi ya 5,000, kwa kuwa saratani ilikuwa imeingia mapafuni, na hakufika pwani ya pili. Hata hivyo, kufikia Februari iliyofuata michango ilikuwa imepita dola milioni 24.

Nalisema hili kwa sababu nyingine pia. Wewe umerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, yaani u mbebaji na si mgonjwa, na wabebaji wengi hukimbia maisha yao yote bila tatizo, lakini mazoezi makali wakati wa joto, mwili ukiwa umepungukiwa maji, yamewahi kuharibu misuli ya baadhi yao na kuwafikisha kwenye matatizo ya figo, hata kifo. Mweleze daktari, mweleze na kocha wako. Ongeza umbali kidogo kidogo, na ukihisi misuli inauma na kulegea isivyo kawaida, simama hapo hapo, hata kama watu wanakushangilia. (Najua ulivyo mbishi, umenirithi mimi.)

Kuhusu fedha sina mengi: ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi ya utafiti, kila mtu apate stakabadhi, na viatu pamoja na ada ya kushiriki ulipie mwenyewe.

Limebaki suala la picha. Ile ya mdogo wako akiwa kitandani na mpira wa dripu mkononi, uliyokusudia kuiambatanisha na ombi lako, nilimwonyesha. Aliifunika kwa kidole gumba, akasema, "Mama, mwambie asiitume hiyo." Hakatai kutajwa, bali hataki watu wamjue kwa siku yake mbaya kuliko zote. Amependekeza apigwe picha akikushikia saa wakati wa mazoezi, na tayari ameanza kudai umtumie ratiba yako ili ajue siku za kuja.

Mtumie ratiba hiyo, nami unitumie jina la taasisi utakayoichagua, niweke mchango wangu kabla hujaanza kuomba kwa wengine.

Akupendaye,
Mama yako