Salamu za Pasaka: Kaburi Tupu la Namirembe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kristo amefufuka!

Nawasalimu wote mlioamka alfajiri kwenda ibada ya mapambazuko. Nawasalimu pia ninyi mlio zamu wodini, barabarani na malangoni, ambao sikukuu imewakuta kazini. Kwaresima imekwisha na nyimbo za shangwe zimerudi. Pamoja na furaha hiyo, kuna neno moja gumu la msimu huu ambalo naomba tusilipite haraka.

Ijumaa Kuu tulisomewa tena maneno saba ya msalabani. La kwanza ni hili: “Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo.” Tumelisikia tangu utotoni hata masikio yamelizoea. Lakini angalieni lilisemwa saa ngapi. Askari walikuwa bado pale pale, wakizipigia kura nguo zake. Hakuna aliyekuwa ameomba radhi. Na usiku uliotangulia, Yuda alikuwa mezani na wenzake, akapewa tonge na mkono wa Yesu, yule yule ambaye Yuda alikuwa anakwenda kumsaliti.

Kila nikilisoma neno hilo nawakumbuka watu wawili wa ukanda wetu.

Februari 1977, Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Askofu Mkuu wa Anglikana, Janani Luwum, na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu wa askari. Tarehe 16 mwezi huo wakaitwa Kampala, na silaha zikaanikwa hadharani kama ushahidi wa uasi. Wenzake waliachiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili wake walisema una matundu ya risasi.

Kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa kilimani Namirembe, Kampala, kando ya kanisa kuu. Mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwao kaskazini, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 waumini walipanda kilima kile kwa maelfu, huku kila mmoja akijua kuonekana pale ni hatari. Baada ya ibada wakatoka nje wakalizunguka kaburi lile lisilo na mtu. Ndipo Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ya malaika kwa wale wanawake: hayupo hapa, amefufuka. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa bado wiki saba, nao walikwisha kuionja.

Mtu wa pili ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mhubiri wa uamsho aliyewahi kufundisha shule Dodoma. Siku zile zile alitoroka usiku na mkewe Mera, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Alisimulia baadaye jinsi uchungu dhidi ya Amin ulivyomjaa akiwa uhamishoni. Ijumaa Kuu ikamkuta London, ameketi kanisani, likasomwa neno lile la kwanza la msalabani. Akajiona hana njia ya kulipokea kwa ajili yake mwenyewe huku akimzuilia Amin. Akamsamehe, na mwaka ule ule akatoa kitabu kinachotamka kwamba anampenda Idi Amin.

Najua maneno hayo yanaweza kumchoma mtu ambaye baba yake alichukuliwa usiku asirudi. Kwa hiyo niseme pia upande wa pili, maana hapa ndipo mahubiri yetu hukosea mara nyingi. Kivengere hakunyamaza. Alizunguka dunia akieleza wazi kwamba watu wanauawa Uganda, na akawahangaikia wakimbizi. Kusamehe kulimwondolea chuki, ulimi wake ukabaki na kweli yote. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi nyumbani kuwatumikia watu wake, na aliendelea hivyo hadi kufa kwake mwaka 1988.

Basi mama anayepigwa na mumewe asiambiwe eti Pasaka imefika, samehe urudi ukapigwe tena. Aliyedhulumiwa shamba la urithi ana haki ya kwenda mahakamani, na anaweza kwenda huku akimwombea mdhulumu wake. Yesu alisema, “Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi.” Hakusema tuite uovu kwa jina zuri.

Mimi naamini maombi hayo ndiyo mlango wa kuanzia. Mtaje kwa jina, yule yule: shemeji aliyeuza kiwanja cha marehemu, jirani aliyesogeza mpaka, rafiki aliyekukana siku ya shida. Mwombee watoto wake wapone, kazi yake iende. Siku ya kwanza sala hiyo hukwama kooni. Iombe hivyo hivyo ikiwa imekwama. Na kama ana njaa, Paulo alishasema la kufanya: mlishe.

Kwako wewe ambaye jeraha bado ni bichi na mwaka huu huwezi, sikuhukumu. Hata Kivengere hakulifikia jambo hili siku aliyovuka mpaka. Msimu wa Pasaka una siku 50 hadi Pentekoste, na Mfufuka aliwatokea wanafunzi wake wakiwa wamejifungia kwa hofu, akawaambia, “Amani iwe kwenu,” kabla hawajapata la kujitetea.

Ndugu zetu wa Uganda mlio na majina ya wapendwa wasio na makaburi, tunawaombea leo. Nanyi mlio wakimbizi Kigoma, Kakuma na kwingineko, Bwana awarudishe makwenu salama. Awape wote nyumba zenye amani na mioyo isiyolala na kinyongo.

Pasaka njema!