Gari lako halijakataa, limekosa joto

Tanga, Julai

Ndugu yangu,

Barua yako niliipata Ijumaa, nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba shemeji na watoto wameshaizoea Njombe, lakini ile habari ya pikapu imeninyima raha. Unasema kila alfajiri kijana wako anawasha kitambaa chenye petroli na kukishika kwenye mdomo wa hewa, ndipo injini ikubali. Tafadhali mkataze leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Lugha yetu ina neno moja, kuwasha: moto tunawasha, taa tunawasha, gari tunawasha. Lakini ndani ya injini kupasha joto ni jambo moja na kushika moto ni jingine. Mtazame shemeji akiwasha jiko la mkaa. Mwanzoni joto lote ni la karatasi na vijiti, na akiacha kupepea mapema mkaa unazima. Kuna mahali unafika ukaanza kujitosha kwa joto lake wenyewe, ndipo tunasema umeshika. Kabla ya hapo ulikuwa unapashwa tu.

Injini ya petroli inashikishwa na cheche ya plagi. Yako ya dizeli haina cheche kabisa. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri kule Augsburg mwaka 1897, aliifanya hewa yenyewe iwe kiberiti. Unakumbuka pampu ya baiskeli ilivyokuwa ikipata moto tukiijaza upepo? Ni jambo hilohilo. Pistoni inaibana hewa mpaka inabaki katika nafasi ndogo, kama sehemu moja kwa ishirini, na joto lake linapita nyuzi 500. Nozeli ikipuliza dizeli humo, inashika palepale, maana dizeli hujiwakia kwenye nyuzi 210 hivi.

Sasa chuma chako kimelala usiku kucha kwenye baridi. Hewa ikibanwa, kuta za silinda zinanyonya joto lake kabla nozeli haijapuliza. Betri ikiwa dhaifu ni mbaya zaidi, kwa sababu starta inazungusha polepole na joto linapata muda wa kutoroka. Ule moshi mweupe unaousimulia, unaotoka huku injini haijashika, ni dizeli iliyopata joto la kugeuka mvuke ikakosa joto la kuwaka. Niliposoma hapo nilijua nozeli zinapuliza na kwamba tatizo ni joto.

Kwa ajili hiyo injini za zamani kama yako ziliwekewa plagi za hita, moja kwa kila silinda. Ncha yake inaiva nyekundu, nyuzi 800 na zaidi, na dizeli inayopita karibu yake inapata pa kushikia. Ukifungua swichi, ile taa ya njano yenye alama ya springi isubiri izime, ndipo upige starta. Nadhani kijana wako haisubiri, au plagi zenyewe zimekufa. Zipime: toa bamba linaloziunganisha, funga taa ya tester kwenye chanya ya betri, ncha yake igusishe kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi haijakatika. Isipowaka, imekatika ndani, na mbili zikikatika kati ya nne, alfajiri za huko lazima mteseke.

Nirudi kwenye petroli, maana hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Dizeli ni lazima ipashwe kupita nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike njiti ya kiberiti. Mvuke wa petroli unashika hata nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Njombe haimkingi kijana wako na chochote. Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzetu alishika kitambaa kama hicho, moto ukafuata mvuke mpaka kwenye kopo lililokuwa miguuni pake. Alipona, lakini vidole vyake havikukunjuka tena.

Plagi ya zamani ina namba na volti kwenye mwili wake. Ifute vizuri, uniandikie zote mbili, kwa sababu si zote ni za volti 12. Nitakutumia nne kwa basi. Mpaka zifike, egesha pikapu juani na usiiwashe kabla ya saa nne.

Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako