Kwa Nini Simu Inayoshika Vizuri Nairobi Hukosa Mtandao Kijijini

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa katikati ya jiji baada ya sikukuu huwa na lalamiko moja: simu iliyofanya kazi bila tatizo Umoja au Kawangware ilipoteza mtandao mara tu walipofika nyumbani kwa wazazi, na sasa wanataka kuibadilisha. Tungeweza kuwauzia nyingine wakaondoka wameridhika, lakini mara nyingi simu hiyo mpya ingekwama palepale ilipokwama ya kwanza. Kabla hujatoa pesa zako, ni haki yako kuelewa jinsi mawimbi yanavyofika kijijini, kwa kuwa sehemu kubwa ya tatizo hili imo katika ardhi iliyo kati yako na mnara, na katika laini uliyoichagua, wala si katika bei ya simu.

Mawasiliano ya simu na mnara ni ya pande mbili. Mnara una antena kubwa zilizoinuliwa juu pamoja na umeme wa kutosha, ilhali simu yako, inapotumia 4G (mtandao wa kizazi cha nne, uliokuja baada ya 2G na 3G), kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2. Ndiyo maana unaweza kuona mistari miwili ya mtandao kwenye kioo na bado ukipiga haiendi: simu inausikia mnara, ila mnara hauisikii simu. Mistari hiyo yenyewe haina kipimo cha pamoja, kwani kila mtengenezaji huamua mwenyewe lini ionekane miwili na lini minne, kwa hivyo kulinganisha mistari ya simu yako na ya jirani hakuthibitishi jambo lolote. Umbali kutoka kwenye mnara ndio pia unaomaliza betri haraka ukiwa mashambani, maana simu iliyo mbali na mnara hulazimika kurusha kwa nguvu yake yote, na isipoupata huendelea kuutafuta.

Jambo la pili ni masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa megahezi. Hapa Kenya, 2G hutumia zaidi megahezi 900 na 1800, 3G ilianza kwenye 2100, na 4G hutumia 800 na 1800 miongoni mwa mengine. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi, hupenya kuta vizuri zaidi na hujikunja kidogo yanapokutana na kilima. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka upesi. Jijini minara imekaribiana, hivyo hata masafa ya juu yanatosha. Kijijini mnara mmoja unaweza kutegemewa na lokesheni kadhaa, na anayeishi pembeni hubakiwa na masafa ya chini peke yake. Hata 2G, inayosifiwa kwa kufika mbali, katika mpangilio wake wa kawaida ina kikomo cha takriban kilomita 35 kwa sababu ya jinsi inavyopima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, na ukivuka hapo simu haitaunganishwa hata kama hakuna kitu kinachozuia katikati.

Kwa kawaida, hata hivyo, kitu hicho kipo. Katika Murang'a na Nyeri, ambako migongo ya ardhi imepangana na mito ikipita katikati yake, nyumba iliyo juu ya mgongo hushika 4G huku shamba lililo chini karibu na mto likikosa hata 2G, ingawa kati yao ni mwendo mfupi wa miguu. Anayeishi chini ya kingo za Elgeyo huweza kuwa karibu sana na mnara ulio juu na bado mawimbi yakapita juu ya paa lake. Paa hilo nalo, likiwa la mabati, hurudisha mawimbi, na ndani ya nyumba hubaki yale tu yanayoingia kupitia kuta, madirisha na milango. Kabla ya kulaumu simu, tafadhali toka nje, sogea mahali palipoinuka, na ujaribu tena.

Sasa tuzungumzie kampuni zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wateja wengi wanapoweza kusaidika bila gharama kubwa. Safaricom, Airtel na Telkom hazifiki mahali pamoja kwa nguvu sawa. Mara nyingine antena zao huwekwa kwenye mnara mmoja wa kukodi. Mara nyingine kampuni moja ina mnara upande huu wa mlima na nyingine upande ule. Kujenga mnara palipo na wateja wachache hakurudishi gharama upesi, na ndiyo sababu serikali ilianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kuchangiwa na kampuni zenye leseni, ili kusaidia kufikisha mtandao katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Ushauri wetu ni kwamba usichague laini ya kijijini kwa kufuata inayoshika vizuri Nairobi. Waulize majirani wa mzazi wako wanatumia laini gani ndani ya nyumba zao, si sokoni. Simu ya laini mbili hutatua mengi, na tangu mwaka 2011 inawezekana kuhamia kampuni nyingine ukiwa na nambari yako ileile. Pia fahamu kwamba nambari ya dharura, 112, huweza kupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote iliyopo hapo, hata kama laini yako haishiki.

Kuna wakati mistari imejaa na intaneti haisogei. Mwezi Desemba, wakati nusu ya mtaa imerudi nyumbani, mnara uliozoea watu wachache hugawa uwezo wake kwa wengi, na kwa 3G hata eneo linalofikiwa hupungua mzigo unapozidi. Umeme ukipotea, mnara hutegemea betri na jenereta, na zikiisha mtandao huzimika kijiji kizima. Minara mingi ya mashambani hupokezana mawasiliano kwa madishi, mmoja hadi mwingine, hivyo hitilafu ya mnara wa katikati, au mvua kubwa kati ya madishi hayo, huweza kuwaathiri watu walio mbali sana na hapo.

Simu yenyewe pia huweza kuwa na kasoro, na hilo tunalipima bure. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina masafa ya 800 ya 4G, na hilo hulitambui ukiwa mjini. Nyingine za laini mbili hutoa 4G kwa laini moja tu. Nyingine zilifunguliwa kubadilishwa kioo na waya wa antena haukurudishwa sawasawa. Pale ambapo tatizo ni nyumba au umbali, tunafunga ruta yenye antena ya nje kwenye mlingoti, ikielekezwa kwenye mnara uliopimwa. Hatuuzi vifaa vya kuongeza nguvu za mawimbi ambavyo havijaidhinishwa na Mamlaka, kwa kuwa huweza kuvuruga mtandao wa kijiji kizima, na anayeumia ni jirani.

Ukija, njoo na simu, laini zako zote, na jina la kijiji pamoja na soko lililo karibu. Kwa simu za Android, ukiwa kule nyumbani, fungua mipangilio, kisha sehemu ya taarifa za simu na hali ya laini, uandike nambari ya nguvu ya mawimbi (ile yenye dBm) ndani ya nyumba na nje: kwa 4G, -90 ni nzuri, na kuanzia -110 kwenda -120 ni dhaifu sana.