Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi: chumba cha inzi hakisitishwi kwa mwaka mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Ukitetea makadirio ya wizara yako, ulisema fedha za umma haziwezi kuendelea kufuga inzi wa matunda katika maabara ya utafiti ilhali wagonjwa wanasubiri dawa, na kwamba ufugaji huo usitishwe kwa mwaka mmoja. Ukumbi ulicheka. Kaka yangu hakucheka, na mgonjwa anayesubiri dawa ni yeye.

Ana distrofi ya miotoni, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuifanya ikawie kulegea. Ukimpa mkono atakushika vizuri tu. Kuachia ndiyo kazi. Vidole vinakawia kufunguka, hata mgeni hudhani ana neno la siri la kumwambia. Baba yetu ulimwanza ukubwani, kaka ulimkuta kijana, maana ugonjwa huu huzidi ukali kadiri unavyorithiwa. Mwaka 1992 chanzo chake kilijulikana: ndani ya jeni moja, herufi tatu za DNA, CTG, hujirudia kupita kiasi. Kwa watu wengi hujirudia mara 5 hadi 35 hivi. Kwa wagonjwa huvuka 50, na wapo wenye maelfu.

Lakini kujua kosa liko wapi si kujua linaumizaje misuli. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakichunguza namna inzi anavyoumbika, wala hawakuwa wakitafuta ugonjwa huu, walikuta jeni ambayo inzi akiikosa, misuli na macho yake hayakomai. Wakaiita muscleblind. Mwaka 2000 ikabainika kwamba protini za binadamu zinazojishikiza kwenye yale marudio ni ndugu wa protini ya inzi yule. RNA, yaani nakala ya jeni, ikiwa na marudio hayo huzinasa kama ulimbo unasavyo ndege, na kazi zake kwenye msuli zikalala. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mheshimiwa, kama waziri angeuliza macho ya inzi yanamsaidia nani, angejibiwa nini?

Baadaye inzi wakapandikizwa marudio hayo hayo, na misuli yao ikaharibika. Sasa hutumika kuchuja dawa. Kipimo chenyewe mtoto angekiweza: unagonga kichupa, inzi wote wanaanguka chini, kisha unahesabu wangapi wamepanda tena baada ya sekunde chache. Mzima hupanda mbio. Mwenye misuli mibovu hubaki chini akijikongoja, na dawa ikimfaa utamwona anapanda. Kutoka yai hadi inzi kamili ni siku 10 hivi katika nyuzi joto 25, kwa hiyo jibu halichukui miaka. Ugonjwa wa Duchenne, nao wa kurithi na wa misuli, huchunguzwa hivyo, kwani inzi ana distrofini yake, protini inayolinda misuli, na ikipungua misuli huchakaa.

Sisemi inzi ni mtu. Hana mapafu, na dawa iliyomfaa yeye huweza kumshinda panya, sembuse binadamu. Ndugu wa wagonjwa tunalijua hilo. Tumeshazoea habari njema zinazoishia njiani. Hata hivyo, karibu robo tatu ya jeni zinazojulikana kuleta magonjwa kwetu zina mwenzake kwa inzi, na dawa mia moja zikijaribiwa kwake kwanza, panya watabebeshwa chache tu.

Kilichonifanya niandike ni neno lako moja: "kusitisha", tena kwa mwaka mmoja tu. Nasaba za inzi, yaani koo zenye jeni zilizobadilishwa kwa ajili ya utafiti, hazihifadhiwi kama mbegu za mimea. Kuzigandisha bado ni kazi ngumu, na maabara nyingi haziifanyi. Hutunzwa zikiwa hai: kila baada ya wiki chache mtu huhamishia inzi kwenye vichupa vipya vyenye chakula, iwe sikukuu, isiwe. Mtu huyo akikosekana miezi miwili, chakula hukauka au kuota ukungu, na nasaba iliyotengenezwa kwa miaka hufia humo. Mwaka wako ukiisha, utafungua chumba chenye vichupa vikavu.

Kata safari, kata samani, hata mashine mpya tutaisubiri. Acha mshahara wa mtunzaji, chakula cha inzi na umeme wa kabati za joto. Na kabla hujatia saini, njoo ukione chumba chenyewe. Kaka yangu atakuwepo. Akikupa mkono, usiuvute.

Wako,
Dada wa mgonjwa