Barua kwa mwanangu: usivimwagie maji vikwato

Wete, Pemba
Julai

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mguu wa bibi yako umepungua kuuma, na anakusalimu sana. Kusi linavuma tangu juzi, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri.

Uliponipigia kuniambia vikwato vinakufa, ile mimea midogo ya nchi kame mfano wa mawe niliyokupa, simu ilikatika kabla sijamaliza la kusema, nikalala nalo moyoni. Nimeona bora niandike. Ya kwenye simu husahaulika, lakini karatasi utaiweka kando ya vyungu uisome tena. Kaka yako atakuletea akija na boti ya Alkhamisi.

Havifi. Ulisema vimenywea, ubavu umejikunja kama embe lililosahauliwa kabatini, na rangi imekuwa ya majivu. Sasa chukua kimoja ukitazame mchana, penye mwanga. Angalia ule mpasuko wa katikati. Ukiona umeachana kidogo, na ndani yake mna kitu kigumu, kinang'aa, chenye madoa mapya, basi huo ndio mwili wa mwaka huu unapanda. Kila kichwa cha kikwato kina jozi moja tu ya majani, yale mawili manene yaliyoshikana hata ukadhani ni jiwe limepasuka. Kila mwaka jozi mpya huota ndani ya ile ya zamani, na haihitaji maji ya kopo. Inakunywa yale yaliyomo kwenye majani ya zamani, kidogo kidogo, mpaka yanabaki ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Huko kunyauka unakokuogopa ndiko kulisha.

Ukimwaga maji sasa, majani ya zamani yatayanywa yenyewe. Yatanenepa upya, na machanga yatabanwa ndani, jozi juu ya jozi, na hakuna itakayopata nafasi ya kukua. Kile kikombe kimoja ulichokwisha kumwaga hakijaleta hasara. Viweke dirishani upepo unapopita, toa kisahani cha chini kisituamishe maji, kisha viache. Ngozi ile mpaka ikauke kabisa, hata ikifika Septemba, usitie tone. Na usiivute kwa vidole, mama. Itaachia yenyewe.

Najua ni tabu kutazama kitu kinasinyaa na wewe maji unayo. Mimi vya mwanzo nilivipoteza vyote kwa sababu hiyo hiyo. Mjomba wako aliponiletea pakiti ya mbegu kutoka Cape Town, nilivipanda kama mchicha: udongo wa kinamo kutoka bondeni, samadi, maji asubuhi na jioni. Vilivyoota nilifurahi mno. Vilipofika ukubwa wa punje ya mahindi ikaingia masika, nami nikaviacha pale barazani mvua inaporushia. Asubuhi moja nikagusa kimoja kwa ncha ya kidole, kidole kikazama. Juu kinang'aa kama kizima, ndani kimeshakuwa uji. Wiki ile ile vikaisha vyote. Nililia, mwanangu. Nilikuwa nimekaa navyo mwaka mzima.

Pakiti ya pili nilianza kwa kuuliza kwao ni wapi. Kwao ni Namibia na Afrika Kusini, na vichache viko Botswana. Wataalamu huviita lithopsi, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso wa jiwe. Jina hili la vikwato nimelitoa kwa mjomba wako, maana watu wa kule huviita kwato za ng'ombe kwa lugha yao, na kweli ukikitazama kwa juu ni ukwato mtupu. Mzungu wa kwanza kuviandika, Mwingereza William Burchell, mwaka 1811 aliinama karibu na Prieska kuokota kokoto yenye umbo la kumpendeza, akakuta ameshika mmea. Vimeumbwa hivyo ili mnyama mwenye kiu avipite asivione. Sehemu kubwa ya mwili iko chini ya mchanga, na ule uso wa juu ni kama kioo cha dirisha: jua linaingia kwa hapo mpaka ndani, kwenye kijani. Vitundu vyake vya kuvutia hewa hufunguka usiku na kufungwa mchana, maji yasipotee.

Ziko sehemu za kwao ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Hapa Pemba tunapata zaidi ya 1,500. Kisiwa chetu ni cha mkarafuu, si cha kikwato, kwa hiyo ukavu inabidi tuutengeneze wenyewe ndani ya chungu.

Ndiyo maana udongo wa chungu chako ni haba. Mafungu manne ni chembe za mawe, fungu moja tu ndilo udongo. Mawe yale ni lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, linalotupwa pwani na bahari. Hutoka kwenye milima ya moto ya mbali. Mlima Krakatau wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalielea Bahari ya Hindi nzima, mengine yakafika pwani zetu za Zanzibar mwaka uliofuata. Lina matundu matundu, maji yanapita na hewa inabaki. Mimi huyaroweka wiki mbili nikibadilisha maji kila siku chumvi iishe, kisha nayatwanga kinuni na kuyachunga kwa wavu wa dirisha. Vumbi linaanguka, zinabaki chembe za ukubwa wa mtama. Ukihitaji kuongeza na jiwe hilo huna, vunja chungu kibovu, vigae vinafaa sana. Ila usithubutu kuchota mchanga wa pwani hapo Forodhani. Una chumvi, na chumvi haina msamaha kwenye mzizi.

Na chungu usikibadilishe kwa kisahani kizuri ulichoona dukani. Kikwato ni kidogo juu lakini mzizi wake unashuka kama wa muhogo mchanga. Kina cha sentimita 10 ndio mwanzo.

Kuhusu jua: hapo Michenzani weka dirisha la mashariki. Masaa manne au matano ya jua la asubuhi ndiyo yanayovitosha, na jua kali la mchana livikute kivulini. Vikikosa mwanga vitarefuka shingo na kuegemea upande mmoja, na vikisharefuka havirudi. Vikiwa vimezoea kivuli usivitoe ghafla juani, vitaungua na doa jeupe halitoki.

Ngozi ya zamani ikishakauka, ndipo maji yanaanza. Mwagia taratibu kando kando, si juu ya mpasuko, mpaka yachuruzike chini. Kisha usahau. Baada ya wiki mbili tatu chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, ukichomoe. Kikitoka na ubichi, ngoja. Kikitoka kikavu, kitazame kikwato chenyewe: kiu huonekana ubavuni, hujikunja mistari na kikibonyezwa hulegea kidogo. Kipe maji, kesho kutwa kitakuwa kimejaa. Kisipojaa usiongeze, maana hapo mzizi umeoza, na maji ya pili yatamaliza kilichobaki. Kikipasuka ubavuni, umezidisha. Tumia maji ya mvua uliyokinga. Ya visima vingi vya mjini yana chumvichumvi na chokaa, yakikauka huacha utando mweupe juu ya kile kioo.

Kaskazi likipamba moto, Januari na Februari, vitapumzika. Vipe kivuli zaidi na maji kiduchu tu. Masika ndiyo yanayonitia wasiwasi kwako, kwa sababu mvua ile haina adabu, inaingia hata dirishani. Viingize ndani kabisa. Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba vimejificha mpasukoni, futa kwa spiriti kidogo kwenye pamba. Huku kwetu adui mwingine ni kuku. Alinidonolea vichanga saba asubuhi moja, tangu hapo nimefunika kwa tenga. Wewe hapo ghorofani hilo halikuhusu.

Nikuambie cha kukutia moyo. Kikwato cha mbegu huchukua kama miaka mitatu kutoa ua. Cha kwanza changu kilitoa baada ya minne. Adhuhuri nilipita, palikuwa na kichipukizi tu kimechungulia mpasukoni. Nikasali alasiri, nikatoka na msala mkononi, nikakuta ua la manjano limefunguka kubwa kuliko mmea wenyewe, limekifunika chote. Nilimwita bibi yako akaja na mkongojo wake. Maghribi likafunga, kesho alasiri likafungua tena. Lilikwenda hivyo siku kadhaa, na kazi zangu zote za alasiri zilisimama.

Nimekupa viwili kwa makusudi, maana kimoja hakijizalishi peke yake. Vikitoa maua pamoja, pitisha unyoya laini kwa hili kisha kwa lile.

Mtu akikuuzia vingine, muulize kwanza vimetoka wapi. Kule kwao vinang'olewa porini kwa magunia na kusafirishwa kwa magendo, na sheria za Afrika Kusini na Namibia zimekataza. Vinavyong'olewa vimechukua miaka mingi kufika hapo. Vyetu ni vya mbegu, na mbegu ninazo.

Humu ndani ya bahasha, kwenye kikaratasi cha buluu, nimekutilia tunda moja kavu la vikwato vyangu. Ni dogo kama kitufe cha kola, limefumba ngumu. Lisipate unyevu kabla hujatayarisha mchanga laini kwenye kopo lenye matundu, ulioloweshwa na kusawazishwa. Siku ukiwa tayari, baada ya kusi kupungua, liweke juu ya kisahani cheupe, uchovye kidole kwenye maji na udondoshe tone moja juu yake. Kaa hapo hapo, usiende jikoni. Ndani ya dakika chache vifuniko vitaanza kujiinua kimoja kimoja mpaka vinalala wazi kama nyota, na ndani utaona mbegu kama vumbi la tumbaku. Kule kwao hungoja mvua ndipo hufunguka, na matone ndiyo yanayozirusha mbegu. Likikauka litafumba tena. Mimi nimeshalitazama mara nyingi na bado nashika pumzi.

Zimwage juu ya mchanga bila kuzifukia, funika kwa nailoni nyeupe, na hizi changa, tofauti na mama zao, usiziache zikauke wiki za mwanzo. Zikiota nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako